Watoto Wetu na Maji: Kutoka Koboko Mpaka Nungwi



Huko Marekani, shule zikifungwa majira ya joto, watoto wadogo huandikishwa katika timu za kuogelea. Mtoto wa miaka sita au saba hushindana yadi 25 tu, urefu mmoja wa bwawa, na wazazi wenyewe ndio wanaoshika saa. Sisi wa Arua na Koboko tukisikia hayo twasema ni mambo ya Wazungu. Sivyo. Katika Hadithi aliyoipokea Imam Nasai, kufundishana kuogelea kumetajwa miongoni mwa michezo michache isiyohesabiwa kuwa ni upuuzi.

Na hapa kwetu? Mwogeleaji aliyepata kuonwa na dunia ni mtu ambaye asili yake ni Koboko: Idi Amin. Wazee humkumbuka kwa ndondi, lakini katika filamu ya Barbet Schroeder ya mwaka 1974 anaonekana bwawani akishindana, akikata njia za wenzake mpaka akamaliza wa kwanza. Nani angethubutu kumpita Rais! Ajabu ni kwamba nusu karne imepita, na bado twawaambia watoto wetu maji ni adui.

Hofu hiyo ina sababu, wala siidharau. Mto Enyau hujaa ghafla wakati wa mvua, Kaya vilevile, na Nile ina mamba na viboko. Lakini katazo peke yake halimzuii mtoto; humfanya aende kwa siri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa chini ya miaka mitano. Shirika hilo hushauri watoto wa shule wafundishwe kuogelea kuanzia miaka sita.

Wenzetu wa Afrika Mashariki wameyajua haya kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu. Septemba 2011 MV Spice Islander ikazama kati ya Unguja na Pemba. Maiti zilizopatikana zilikuwa zaidi ya 200, na waliopotea wakahesabiwa kuwa zaidi ya elfu moja. Fikirini: watu wa kisiwa, waliozungukwa na bahari tangu kuzaliwa, na wengi wa wanawake wao hawakujua kuelea. Walikatazwa tangu utotoni, kwa sababu ya haya na kukosa vazi la stara.

Ndipo kaskazini mwa Unguja, upande wa Nungwi, ukaja mradi wa Panje. Haukugombana na wazee. Ulileta mavazi yanayofunika mwili mzima, ukawafundisha wasichana na wanawake. Mpiga picha Anna Boyiazis aliwapiga picha mwaka 2016, na mwaka 2018 picha hizo zikapata tuzo ya World Press Photo. Wasichana wamo baharini na vitambaa vyao kichwani, wameshika madumu matupu ya plastiki ili waelee. Madumu yale yale tunayotekea maji hapa Arua! Hakuna kifaa cha ghali hapo.

Uganda nayo imeshatoa watoto. Jamila Lunkuse aliogelea Olimpiki ya London mwaka 2012 akiwa na miaka 15. Husnah Kukundakwe, aliyezaliwa na upungufu wa mikono, alikuwa mdogo kuliko wanamichezo wote wa Paralimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Alikuwa na miaka 14.

Basi tukianza, tuanze bwawani, si mtoni, na mtu mzima awe majini, umbali wa mkono tu kutoka kwa mtoto. Siku za kwanza mtoto atoe mapovu, kisha aelee chali, kisha apige miguu akishika ukingo. Mbio zingoje. Wasichana wawe na saa zao na mwalimu wa kike, kama walivyofanya Unguja. Na mashindano ya kwanza yawe ya upana wa bwawa, kila mtoto na njia yake, asikatiwe na mwenziwe hata akiwa mtoto wa mkubwa.