Kitabu cha Picha na Mazungumzo

Tukumbuke chombo kimoja kidogo cha mafundisho: kitabu cha picha.

Mwaka 600 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Sereno, Askofu wa Marseille, aliyevunja picha za kanisa kwa sababu watu waliziabudu. Papa alisifu bidii yake, lakini alimkemea kwa kuzivunja, maana kwa wasiojua kusoma picha ndiyo kitabu chao.

Mwaka 1658, mjini Nürnberg, Comenius, mwalimu mashuhuri wa Moravia, alitoa kitabu cha picha cha kujifunzia Kilatini na Kijerumani. Vitu vilivyochorwa vina namba, na kila namba yaonyesha neno lake. Nacho chaanza kwa mazungumzo ya mwalimu na mtoto.

Hapo ndipo ilipo siri yake. Picha peke yake ni bubu. Wanaojifunza lugha wakiketi pamoja mbele ya ukurasa mmoja, huyu ataja mvua, yule asema ni machozi, wa tatu auliza kwa nini. Asiye na maneno mengi ana macho, naye apata zamu yake bila haya.

Mapadri Weupe, waliofika Ziwa Tanganyika mwaka 1879, waliagizwa na Kardinali Lavigerie wajifunze lugha ya watu. Basi padri naye alikuwa mwanafunzi, na wazee wetu walimu wake. Urithi huo tusiupoteze: kitabu kikifunguliwa kati yetu, asiwepo mmoja wa kusema na wengine wa kunyamaza.