Plagi, Jeki na Kiungio: Historia Fupi ya Majina ya Vifaa vya Kuungia Redio

Istilahi za redio huonekana machoni pa wengi kuwa kazi iliyokwisha zamani. Neno redio tunalo, betri tunalo, waya tunalo. Na tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kusikika mwaka 1951 hadi Radio Tanzania Dar es Salaam ilipoundwa mwaka 1965, maneno ya utangazaji yalikwisha kuzoeleka vinywani mwa watu kiasi cha kutoulizwa asili yake. Lakini msamiati huo ni wa msikilizaji. Msamiati wa yule anayefungua kasha la redio na kuitengeneza, au anayeiunda mwenyewe tangu mwanzo, haukupata bahati hiyo. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya kundi moja dogo tu la vifaa, yaani vile vinavyounga waya na waya, waya na mashine, au ubao mmoja wa saketi na mwingine, na kuonyesha kwa nini majina yake yametupa taabu kubwa kuliko ukubwa wa vifaa vyenyewe.

Tumechagua kuyatazama mambo haya kutoka Maguu, katika wilaya ya Mbinga, na uchaguzi huo si wa bahati nasibu. Njia kuu ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018. Kabla ya hapo nchi yote ile ya milima ya Umatengo, na mwambao wa Ziwa Nyasa ulio chini yake, ilikuwa nje ya gridi ya taifa. Redio za huko ziliishi kwa betri kavu, kwa betri za magari, na baadaye kwa paneli za jua. Sasa basi, mtu wa mjini huchomeka redio yake ukutani na mambo yakaisha. Mtu wa Maguu alilazimika kutoa umeme kwenye betri ya gari, kuupitisha katika waya, na kuuingiza katika tundu ambalo mtengenezaji wa redio alilikusudia kwa kitu kingine kabisa. Mahali penye umeme haba ndipo penye viungio vingi, na ndipo mafundi walipolazimika kuvipa majina bila kungojea baraza lolote.

Neno la kwanza walilolipata ni plagi. Hilo lilitoka Kiingereza, likavaa sauti za Kiswahili vizuri, na hatuna ugomvi nalo katika sebule. Ugomvi uko dukani. Katika maduka mengi ya vipuri nchini, mtu akiomba plagi bila kuongeza neno, atapewa ile ya kuwashia injini ya pikipiki, kwa kuwa hiyo ndiyo inayouzwa kila siku. Fundi wa redio kwa hiyo husema "plagi ya redio" au "plagi ya umeme", na maelezo hayo ya ziada ni ushahidi kwamba neno lina mzigo wa maana mbili.

Jeki ina kisa kirefu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1870 simu zilipoanza kuunganishwa katika vituo vya mji huko Marekani, palihitajika kifaa cha kumwezesha mhudumu kuunga waya wa mteja mmoja na wa mwingine kwa mkono. Charles Scribner wa kampuni ya Western Electric alibuni swichi iliyofanana na kisu cha kukunja, na jina la kisu hicho likafupishwa likabaki kwenye tundu ambamo ncha ya waya huchomekwa. Ncha yenyewe ilikuwa na kipenyo cha milimita 6.35, yaani robo ya inchi, na hadi leo gitaa za umeme hutumia kipimo hicho hicho. Enzi ya transista ilipofika, ndugu yake mdogo wa milimita 3.5 akaingia katika redio za mkononi kwa ajili ya kipaza sauti cha sikioni. Kwa Kiswahili, hata hivyo, jeki ilikuwa imekwisha kushikwa na watu wa magari: ni chombo cha kuinulia gari tairi inapobadilishwa. Tena katika kukopa, mafundi wetu waligeuza mambo. Kiingereza huita tundu kwa jina hilo, ilhali mafundi wengi wa kwetu huita jeki ile ncha inayochomekwa. Mfasiri anayefasiri kitabu cha maelekezo kwa kuamini kwamba jeki ni jeki atamwelekeza msomaji wake achomeke tundu ndani ya tundu.

Ndipo likatokea pendekezo la kutumia kiunganishi. Wapo wafasiri waliolitumia, na kwa mtazamo wa kwanza linapendeza, maana linatokana na unganisha na maana yake iko wazi. Sisi tunalipinga. Kila mwalimu wa Kiswahili anajua kwamba kiunganishi ni aina ya neno: na, lakini, kwa sababu. Mwanafunzi wa sekondari atakayesoma asubuhi kwamba kiunganishi huunga sentensi, na mchana kwamba kiunganishi kina pini tano na hubeba ampea 30, hatadhurika sana. Bali lugha ya kitaalamu huanza kulegea kwa mambo madogo kama hayo. Kiungo nacho ni kibaya zaidi, kwani viungo ni mikono na miguu, na sokoni ni iliki na mdalasini. Kilichobaki ni kiungio. Umbo lake linafuata kanuni tunayoifahamu katika kifungio, kichujio na kikalio, ambapo kiishio -io huonyesha kifaa au mahali pa kutendea jambo. Halijashikwa na taaluma yenye wasomaji hawa hawa. Katika kurasa hizi, basi, tutasema kiungio.

Lakini kiungio ni jina la jumla, na kiungio hakifanyi kazi peke yake. Huja viwili viwili, kimoja kinaingia na kingine kinaingiliwa. Hapa mafundi hawakukopa kitu. Walisema dume na jike, na lugha yetu ilikuwa tayari kwa hilo kabla redio haijavumbuliwa. Milango ya Zanzibar ina mbao mbili, na huitwa mlango dume na mlango jike. Seremala naye husema ulimi kwa kipande kinachoingia katika tundu. Hivyo fundi wa Mbinga anaposema "niletee dume lake", anaendeleza desturi ya ufundi ya Waswahili, na hatuoni sababu ya ofisi kumwondolea neno hilo kwa kuona haya.

Taabu ya dume na jike iko kwingine, nayo imeletwa na redio za ridhaa. Tueleze kidogo. Ridhaa ni neno lililozoeleka katika michezo: ngumi za ridhaa ni zile zisizopiganiwa fedha. Wako watu duniani kote wanaowasiliana kwa redio kwa mapenzi tu, kwa leseni ya serikali, na wengi wao huziunda mashine zao kwa mikono. Tanganyika ya wakati wa ukoloni ilikuwa na alama ya wito VQ3. Baada ya uhuru alama za kwetu zikaanza na 5H, na leseni za leo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mtu wa ridhaa huunga antena yake kwa waya mnene wenye waya mwembamba katikati na wavu wa shaba kando. Kwa mawimbi mafupi, chini ya megahezi 30, kiungio kilichozoeleka ni jozi ya miaka ya 1930 ijulikanayo kama PL-259 na SO-239. Herufi hizo zenyewe zinatokana na maneno ya Kiingereza ya plagi na soketi. PL-259 ndiyo dume, kwa kuwa ina pini katikati. Jozi hiyo haifai kwa masafa ya juu sana, lakini ni imara, hulehemiwa kwa urahisi, na husamehe mkono wa mtu anayejifunza.

Baadaye kikaja BNC, chenye herufi za majina ya wahandisi wawili, Paul Neill na Carl Concelman. Hiki hufungwa kwa kusukuma na kuzungusha robo mzunguko, kama askari anavyofunga singe kwenye bunduki. Nasi tungependekeza "kufunga kwa singe" kwa namna hiyo ya kufunga. Hapo dume na jike bado ni wazi. Mambo huharibika kwenye viungio vidogo vya SMA. Dume lake lina pini katikati na nati inayozunguka kwa nje. Lakini iko jamii nyingine, iliyoenea pamoja na vifaa vya intaneti isiyo na waya, ambayo nati yake ina tundu katikati, na pini imehamia upande wa pili. Je, hilo ni dume kwa sababu ya nati, au jike kwa sababu ya tundu? Wazungu wenyewe hulitaja kwa umbo la nje na kuongeza kwamba limegeuzwa. Tunaona ni salama zaidi kwa Kiswahili kutaja sehemu zote mbili: "nati yenye tundu", "skrubu yenye pini". Ni maneno mengi, lakini mtu aliyeagiza kifaa kutoka Dar es Salaam na kungojea basi hadi Mbinga anastahili kuletewa kilicho sahihi.

Tena kipo kiungio kisicho na jinsia. Watu wa ridhaa wa Marekani walikubaliana kuunga umeme wa volti 12 kwa viungio vya kampuni ya Anderson, ambavyo pande zote mbili ni sawasawa, na kila kimoja huingia katika mwenziwe. Faida yake wakati wa dharura ni kwamba hakuna mtu anayekuta ana madume mawili mkononi. Kwa hiki tunapendekeza kiungio pacha.

Sasa tufike kwenye kile kilichotupa kazi zaidi, nacho ni safu ya pini ndogo zinazosimama juu ya ubao wa saketi. Zilienea baada ya saketi unganifu za miaka ya 1960, ambazo miguu yake ilipangwa kwa nafasi ya moja ya kumi ya inchi, yaani milimita 2.54. Siku hizi hazikosekani katika kazi yoyote ya nyumbani: katika Arduino, iliyoanzia Italia mwaka 2005, na katika mashine za ridhaa za jamii ya BITX zilizobuniwa India na Ashhar Farhan kwa kusudi la kuwawezesha watu wasio na fedha nyingi kujiundia redio. Kiingereza huziita kwa jina linalotokana na kichwa. Mfasiri mmoja akaandika kijajuu, kwa kuwa alilikuta katika programu za kuandikia, ambamo kijajuu ni maandishi ya juu ya ukurasa na kijachini ni ya chini. Matokeo yake ni sentensi inayomwambia fundi alehemu kijajuu. Sisi tunaona safu ya pini yatosha, na mwenziwe awe safu ya matundu. Kitana nacho kimependekezwa, maana kweli safu hiyo inafanana na kitana. Tunalipenda neno hilo, ila pini zikiwa safu mbili mfano unavunjika.

Lakini safu haijakamilika bila kutaja umbali kati ya pini na pini, na hapa kamusi zimepotosha watu. Neno la Kiingereza la umbali huo ni lile lile la lami na la uwanja wa mpira. Jina la Kiswahili lilikuwa shambani muda wote. Mkulima wa kahawa wa Maguu hupanda miche yake kwa nafasi, mathalani mita 2.7, na nafasi hiyo hupimwa kutoka shina hadi shina, si kutoka jani hadi jani. Ndivyo pini zinavyopimwa: kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Nafasi, basi, na isitafutwe nyingine.

Kipimo hicho kina hatari yake. Viko viungio vya Kijapani, kama jamii ya XH ya kampuni ya JST, vyenye nafasi ya milimita 2.5 kamili. Tofauti na 2.54 haionekani kwa macho. Kwa pini tatu au nne huingia bila shida. Kwa pini 16 tofauti ndogo zile kumi na tano zinajumlika kuwa milimita 0.6, karibu unene wa pini yenyewe, na pini ya mwisho haiingii. Kwa hiyo mfasiri asikate tarakimu. Anayeandika "milimita 2.5" badala ya 2.54 kwa kutaka wepesi amebadilisha kifaa.

Vivyo hivyo kwa plagi za duara za kuingizia umeme wa redio. Nyingi zina kipenyo cha nje cha milimita 5.5, lakini tundu la ndani laweza kuwa 2.1 au 2.5, na katikati paweza kuwa chanya au hasi, kadiri mtengenezaji alivyopenda. Paneli ya jua ikiungwa kinyume, redio isiyo na kinga huungua. Maneno chanya na hasi yamo katika vitabu vyetu vya fizikia tangu zamani, na hayana budi kuandikwa kando ya mchoro kila mara, wala yasiachiwe alama peke yake.

Orodha ya mapendekezo haya, pamoja na michoro, itapelekwa kwa walimu wa ufundi kabla ya kusanifiwa. Neno ambalo bado hatujalikubali wenyewe kwa wenyewe ni la kile kipande kidogo cha plastiki chenye shaba ndani kinachovishwa juu ya pini mbili ili kuziunga. Wengine wanasema daraja, wengine kofia. Wasomaji wanaofanya kazi na mafundi watuandikie wanavyosikia.