Kuondoa tope majini bila mitambo: mwambao wa Kigoma na Ujiji

Kuondoa tope majini bila mitambo ni kutenganisha maji na udongo, mchanga, mwani na vijidudu kwa kutegemea uzito wa chembe zenyewe, kitambaa, mbegu au tabaka la mchanga. Umeme hauhitajiki, au huhitajika kidogo sana. Katika Mkoa wa Kigoma, ambao kwa miaka mingi uliendeshwa na jenereta za dizeli kabla ya kufikiwa na gridi ya taifa, njia hizi zina uzito wa pekee: pampu ikizimika, kiu haisubiri.

Mtuamishaji mkubwa wa tope katika eneo hili ni ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na mbali na ufuko maji yake ni maangavu hata kisahani cheupe kilichozamishwa kwa kamba huonekana mara nyingi kupita mita 10. Tope linaingia kila mwaka, hasa katika mvua za Novemba hadi Aprili, lakini linazama. Mto Malagarasi hupunguziwa mzigo kabla ya kufika: hupita kwenye mabwawa ya mafunjo ya Malagarasi-Muyovozi, eneo oevu la kwanza la Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, na humo maji hupunguza mwendo na kuacha sehemu ya udongo. Mto Luiche, unaoingia ziwani karibu na Ujiji, ni mfupi na hauna kinga kubwa kama hiyo. Ndiyo sababu mahali pa kuchotea ni hatua ya kwanza ya usafishaji, na kwa maoni ya mwandishi ndiyo inayopuuzwa zaidi. Maji ya ukingoni, panapotua mitumbwi, panapofuliwa nguo na mawimbi yanapokoroga mchanga, si sawa na maji ya kilindini, ingawa ni ziwa moja.

Kutuamisha nyumbani kunafuata kanuni ile ile. Mwendo wa chembe inayozama hutegemea mraba wa upana wake: punje ya mchanga yenye upana wa milimita 0.1 hushuka mita moja kwa dakika 2 hivi. Ya milimita 0.01 huchukua saa 3. Chembe ya mfinyanzi ya milimita 0.001 huhitaji takriban siku 13, tena maji yakitulia kabisa. Mtungi uliolala usiku kucha huacha mashapo chini, na juu ukungu ukabaki. Hata hivyo kungoja kuna faida nyingine. Viluwiluwi vya kichocho vilivyomo majini hufa kwa sehemu kubwa ndani ya siku 2 visipopata mwili wa kuingia, kwa hiyo kaya yenye vyombo vitatu vya zamu, ikinywa daima yale ya zamani, inajikinga bila kutumia senti.

Kwa ule ukungu usiozama, dawa ni kuzikusanya chembe ziwe mabonge. Chembe za mfinyanzi hubeba chaji hasi na kusukumana. Shabu, ile fuwele nyeupe ya madukani, huvunja msukumano huo. Mbegu za mlonge nazo hufanya hivyo kwa protini zenye chaji chanya. Mbegu humenywa, hutwangwa, unga ukakorogwa na maji kidogo na kuchujwa, kisha maziwa yake hutiwa kwenye ndoo: mbegu moja hadi mbili kwa lita, kulingana na tope. Hukorogwa upesi, halafu taratibu kwa dakika kadhaa, na kuachwa saa moja au mbili. Wanawake wa Sudani walisafisha hivyo maji ya Nile muda mrefu kabla ya maabara kueleza kwa nini. Kasoro yake ni kwamba masalia ya mbegu hubaki majini, na maji hayo huharibika yakihifadhiwa zaidi ya siku moja.

Kitambaa hudharauliwa bila haki. Nchini Bangladesh, watafiti walioongozwa na Rita Colwell walichapisha mwaka 2003 matokeo ya vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa: kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48. Bakteria wenyewe ni wadogo mno kuzuiwa na nguo, lakini wengi wao hung'ang'ania wadudu wadogo wa majini, na hao hunaswa. Kanga kuukuu ya pamba ikikunjwa mara nne au zaidi inafaa kwa kazi hiyo, maana nyuzi zilizofuliwa sana hubana matundu.

Uzito wa kusafisha maji ulionekana Mei 2015 huko Kagunga, kijiji cha mpakani kilichobanwa kati ya milima na ziwa, walipokusanyika makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi. Kipindupindu kililipuka, na watu wakasafirishwa hadi Kigoma kwa meli, ikiwemo MV Liemba.

Kwa mji mdogo au shule, chujio la mchanga la mwendo wa polepole bado halijapata mpinzani. Mhandisi James Simpson alilijenga Chelsea, London, mwaka 1829. Maji hushuka sentimita 10 hadi 30 kwa saa, na juu ya mchanga huota utando hai unaokula vijidudu. Adui yake ni tope: likizidi, utando huziba. Kwa hiyo hutanguliwa na chujio la kokoto, ambalo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kililifanyia majaribio mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Maji maangavu si lazima yawe salama, ila klorini na jua haviwezi kazi yao tope likiwepo: chembe huwafunika vijidudu. Chupa ya plastiki iliyoanikwa saa 6 juani huhitaji maji ambayo maandishi yaliyowekwa chini yake yanasomeka.

Ng'ambo ya ziwa, katika mji wa Uvira, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba siku za mabomba makavu zilifuatwa na ongezeko la wagonjwa waliolazwa kwa kuharisha. Mtambo wa huko ulisimamishwa na kukatika kwa umeme na pia na tope la mto unaoulisha. Vijiji vya mwambao vyenye vijito mlimani vina njia nyingine, maji ya mserereko: mteremko hufanya kazi ya pampu, na kokoto na mchanga hupangwa njiani kabla ya bomba kufika kwenye gati la kuchotea maji.