Kaburi Moja Moja

Padre anayezika askari vitani huvaa mavazi ya mabwana wawili: stola ya Kanisa shingoni, na chini yake sare ya jeshi. Ndiyo maana wengi humshuku. Wanasema yuko pale kuitakasa vita, kuwafariji wafiwa wasiulize nani aliyempeleka kijana wao kufa. Shaka hiyo ina msingi. Katika Vita Kuu ya Kwanza makasisi wa pande zote walihubiri kwamba Mungu yu pamoja na majeshi yao, na padre wa jeshi la Uingereza alikuwa na cheo na mshahara wa ofisa. Hata hivyo, anayetaka kumhukumu padre makaburini na asikilize kwanza alichokuwa akikisema pale. Ibada ya maziko aliyoifuata, iliyomo katika kitabu cha ibada kilichotolewa na Papa Paulo V mwaka 1614, haitaji nchi, bendera wala ushindi. Inamwombea marehemu msamaha wa dhambi, jenerali sawasawa na mpishi wa kambi. Risasi za heshima na tarumbeta ni za jeshi. Ziliongezwa kando ya ibada, hazikuingia ndani yake.

Liko jambo lenye uzito zaidi, nalo hutajwa mara chache. Sheria ya Kanisa ya 1917, katika kanuni ya 1206, iliagiza kwamba pasipo makaburi yaliyobarikiwa, kila kaburi libarikiwe peke yake, kila mara mtu anapozikwa. Sala yenyewe inamwomba Mungu aliwekee kaburi hilo malaika wa kulilinda. Jeshi huhesabu maiti kwa vikosi. Padre alitakiwa kusimama mbele ya mmoja, kisha mwingine. Kwangu mimi, huo ni upinzani dhidi ya vita, hata kama padre mwenyewe hakuukusudia.

Mtu atasema hayo ni ya kwenye karatasi, kwamba chini ya mizinga hakuna aliyepata nafasi ya kubariki shimo moja moja. Ni kweli, wengi walitupwa pamoja, na wengine hawakupatikana hata kipande. Lakini barua ambazo Padre Willie Doyle, Mjesuiti wa Ireland aliyehudumu na Divisheni ya 16 ya Ireland, alimwandikia baba yake zinaonyesha mtu akizika kati ya mahandaki huku makombora yakianguka, akiokota mabaki ya watu yasiyotambulika, akiyasomea sala zilezile. Aliuawa tarehe 16 Agosti 1917 karibu na Ypres, na mwili wake haukupatikana. Jina lake limechongwa kwenye ukuta wa Tyne Cot, Ubelgiji, pamoja na majina ya watu wapatao 35,000 wasio na kaburi linalojulikana.

Jina hilo lilibaki kwa sababu jeshi lilikuwa na daftari la watu wake. Kwa waliozikwa, makasisi wa jeshi walitakiwa kuripoti maziko, nani na wapi, kwa ofisi ya kuandikisha makaburi, na hapo sala na karani vilishikana mikono. Afrika Mashariki havikushikana. Wamisionari wa Konsolata walikuwepo katika hospitali za wachukuzi wa mizigo ya jeshi; Sista Irene Stefani aliwauguza Voi na Kilwa, akabatiza wengi waliokuwa wakikata roho. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba wachukuzi, hao waliotuachia jina la Kariakoo, walikosa watu wa kuwaombea. Walikosa serikali iliyoona majina yao yanastahili wino. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu zilizosimamishwa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1920 zinawataja askari na wachukuzi kwa jumla. Jina la mtu hata mmoja halimo.