Daftari la Kadhi ni la Nani?

Wenzetu wanaosoma sheria za leo hutuuliza: je, wakili ana haki ya kufunua jalada la kesi, au hilo ni siri ya hakimu? Swali hili si geni kwa mafaqihi wetu, ila wao walilianza kwa upande mwingine: daftari ni mali ya nani?

Amepokea al-Kindi, katika habari za makadhi wa Misri, kwamba Sulaym bin Itr, kadhi wa zama za Muawiya (r.a.), aliwahukumia warithi waliogombania mirathi. Wakaondoka, wakakanushana, wakarejea kwake. Akahukumu tena, na safari hii akaiandika hukumu na kuishuhudishia. Anahesabiwa kuwa wa kwanza huko kuandika hukumu zake. Tuzingatie sababu: maandishi yalikuja kwa haja ya wagomvi, si kwa haja ya kadhi.

Basi kadhi akiuzuliwa? Al-Marghinani (aliyefariki mwaka 593 Hijria, sawa na 1197), katika al-Hidaya, anaeleza kuwa kadhi mpya hutuma waaminifu wawili wakayapokee majalada mbele ya aliyeuzuliwa, wamuulize moja baada ya moja, na kila aina waitie katika mfuko wake. Na karatasi je? Ikiwa ilinunuliwa kwa fedha za Baitul-Mali, hapana mjadala. Ikiwa walinunua wagomvi, au hata kadhi mwenyewe kwa fedha zake, kauli sahihi kwa Mahanafi ni kuwa lazima aitoe, kwani aliishika kwa ajili ya dini, si kwa kujipatia mali. Angalia walivyofika hadi kwenye bei ya karatasi!

Sisi Mashafi wa pwani tunasoma katika al-Minhaj ya Imam al-Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) kwamba hati iandikwe nakala mbili: moja apewe mwenye haki, nyingine ihifadhiwe katika diwani ya hukumu. Hilo ni mustahabu, si wajibu, tusizidishe.

Na wakili? Sayyidna Ali (r.a.) alimfanya nduguye Aqil wakili wake katika kesi, na Aqil alipozeeka akamweka Abdullah bin Ja'far. Abu Hanifa alishurutisha ridhaa ya mpinzani, isipokuwa kwa udhuru kama maradhi au safari. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, hawakushurutisha. Kwa mtazamo wetu, anayesimama mahali pa mwenye kesi akinyimwa kuona yaliyoandikwa juu ya kesi ile, uwakili wake umebaki jina tu. Lakini haki hiyo inaishia kwenye kesi ya aliyemtuma. Ndani ya mfuko ule ule zimo hati za watu wengine, pamoja na aibu zao, na hizo hana ruhusa ya kuzipekua.