Kinanda

Zamani, pwani, kinanda kilikuwa ala ya nyuzi, ndugu wa udi. Baadaye jina likahamia kwenye ala za kubonyeza: harmoniamu, piano, hata sintesaiza. Upana huo unaufaa wimbo “Enjoy the Silence” wa Depeche Mode, kundi la Uingereza, uliotoka 1990. Martin Gore wa kundi hilo aliutunga ukiwa wa polepole, kwa harmoniamu. Mwenzake Alan Wilder akauongezea kasi na mdundo wa mashine, ukavuma. Toleo la harmoniamu nalo lilitolewa. Yasikilize matoleo yote mawili: moja linainua watu vitini, jingine linaianika huzuni iliyomo tangu mwanzo. Anayedharau toleo la kasi au lile la ala chache anajinyima nusu ya wimbo, kwani harmoniamu na sintesaiza, vyote viwili ni kinanda.