Kulima mwani kwenye sampu ya tangi la maji chumvi: taa, uvunaji, na aina ya kuogopa

Kila anayefuga samaki wa baharini ndani ya nyumba hufika mahali kioo kinaota ukijani kila baada ya siku mbili, mawe yanavaa nyuzinyuzi, na matumbawe yananywea. Unasugua leo, kesho umerudi palepale.

Chanzo ni mbolea. Chakula kilichobaki na kinyesi cha samaki huoza na kutoa amonia. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na hapo safari inakwama, kwa sababu nitrati haina pa kwenda mpaka ubadilishe maji. Fosfati nayo inaingia na chakula na kujikusanya taratibu. Sasa ujanja wa wafugaji wengi ni huu: panda mwani wako mwenyewe mahali pengine, ule mbolea hiyo kabla mwani usioutaka haujaifikia.

Mahali hapo ni sampu, yaani tangi la pili linalokaa kabatini chini ya tangi kubwa. Maji yanashuka yenyewe kwa bomba, yanachujwa, kisha pampu inayarudisha juu. Chumba kimoja cha sampu unakiacha kiwe shamba. Samaki hawafiki huko, na hilo ni muhimu, maana kangaja na tasi wakiuona mwani hawauachi hata kidogo.

Upande upi? Kwa anayeanza, chukua Chaetomorpha, ambao wafugaji huufupisha kuwa keto. Unafanana na mshipi wa kuvulia uliojisokota. Haushiki jiwe wala kioo, kwa hiyo kuuvuna ni kuinua tu bonge na kukata. Wadudu wadogo wa majini hujificha na kuzaliana ndani yake, kisha baadhi yao hupanda na maji juu na kuwa chakula cha samaki. Mwani mwekundu wa Gracilaria nao ni mzuri, hasa kama una samaki wala majani, kwa sababu unachovuna unawalisha. Ila unakua taratibu zaidi.

Kabla ya kuutia, usuuze kwa maji ya chumvi kwenye ndoo na uukague. Mara nyingi huja na konokono, kaa wadogo, au vijidudu vyenye mikono inayochoma matumbawe.

Taa ndiyo shamba lenyewe. Balbu ya LED ya kukuzia mimea inatosha, iwake saa 12 hadi 16. Washa usiku, taa za tangi kubwa zikiwa zimezimwa. Gizani viumbe vyote hupumua na kuongeza kaboni dioksidi, na pH inashuka. Mwani unaofanya kazi chini wakati huo unaivuta kaboni hiyo na kutoa oksijeni. LUKU itasoma kidogo, lakini faida yake utaiona asubuhi. Maji nayo yapite kwa kasi ya wastani, bonge lijigeuze polepole. Lisipogeuka, ligeuze kwa mkono mara moja kwa wiki, la sivyo upande wa chini unakosa mwanga na kuoza.

Kuvuna ndiko watu wengi wanakosea. Mwani ukiwa umekaa tu haujatoa kitu kwenye maji, umekihifadhi. Mbolea inatoka siku unapoukata na kuutoa nje. Kata theluthi moja hadi nusu kila wiki moja au mbili, kutegemea unavyokua, na ubakize wa kutosha kuendelea. Usipovuna, ule wa katikati unakufa na kurudisha kila kitu majini.

Na kuna kosa la upande wa pili. Keto ikianza kupauka na kukatikakatika, wengi hudhani maji yamechafuka. Mara nyingi ni njaa: nitrati au fosfati imefika sifuri. Acha nitrati kama miligramu 5 hadi 10 kwa lita. Kama vipimo viko sawa na bado inapauka, angalia madini ya chuma, au kama taa imezeeka.

Tukija kwa Caulerpa, hapa usiwe na haraka. Ni mzuri kwa macho na unakua kama magugu, lakini mmea mzima ni seli moja ndefu. Ukiamua kuzaa, unamwaga kilichomo kwa mara moja: unabaki mweupe kama karatasi, maji yanakuwa ya kijani kama maziwa yaliyotiwa rangi, na oksijeni inaweza kushuka hadi samaki wafe. Wapo wanaoacha taa iwake saa 24 ili kuuzuia usizae. Mimi naona heri keto.

Tena hatari yake haiishii nyumbani. Mwaka 1984 Caulerpa taxifolia ilionekana baharini chini ya Jumba la Makumbusho ya Bahari la Monaco, kipande cha kama mita moja ya mraba. Baadaye ilifunika maelfu ya hekta za pwani ya Mediterania. California iliikuta mwaka 2000 kwenye wangwa wa Agua Hedionda. Wazamiaji waliifunika kwa maturubai na kutia klorini chini yake, kazi iliyochukua hadi 2006 na kugharimu dola milioni 7 hivi. Mwaka 2001 jimbo hilo lilikataza kuuza au kumiliki aina tisa za Caulerpa.

Kwa hiyo mwani uliovuna usiumwage baharini, mtoni wala kwenye mtaro, hata kama unaishi hatua chache kutoka ufukweni na unaona ni wa hapohapo. Kipande kidogo tu cha Caulerpa kinatosha kuota upya. Uanike juani mpaka ukauke kabisa, au uugandishe kwenye friza kwa siku moja, ndipo uutupe na takataka za nyumbani.